Virusi vinavyobeba dawa: kutoka chanjo ya Ebola hadi ugonjwa wa SS

Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, watu zaidi ya 300,000 wa mashariki ya nchi yetu walipata chanjo ya Ebola. Wengi wao ni washiriki wa makanisa yetu: waimbaji wa kwaya, mashemasi, wauguzi, mama aliyemwogesha jirani yake mgonjwa, kijana wa moto aliyempeleka mtu hospitalini bila kujua anaumwa nini. Ukiwauliza leo ni kitu gani kiliingia mkononi mwao siku ile, wengi watajibu tu, "dawa ya Ebola". Jibu kamili ni kwamba kilikuwa kirusi hai, kilichobadilishwa na wataalamu ili kibebe kipande kimoja cha Ebola.

Sentensi hiyo ikisemwa nusu inaogopesha. Wakati wa mlipuko ilisemwa nusu mara nyingi, sokoni, kwenye WhatsApp, na mahali pengine hata mimbarani. Tena sasa kuna swali jipya. Wazazi wa watoto wenye SS wamesikia kwamba Ulaya na Marekani ugonjwa huo unatibiwa kwa jeni, na kwamba anayebeba jeni hiyo ni kirusi kilichotokana na kile cha sida. Wanawauliza wachungaji, na mchungaji hakusomea mambo hayo. Makala hii ni kwa ajili yake na kwa ajili yao.

Kirusi ni kitu gani

Kirusi si mdudu kama wa malaria. Ni maandishi mafupi yaliyofungwa ndani ya ganda. Maandishi hayo ni jeni, zilizoandikwa kwa ADN au ARN, na karibu yote yanaagiza jambo moja: tengeneza vingine kama mimi. Kirusi hakili, hakipumui, hakizai peke yake. Lazima kiingie ndani ya seli ya kiumbe hai na kutumia vyombo vya seli hiyo. Ili kiingie kina protini juu ya ganda lake, ambazo ni kama ufunguo, na kila ufunguo una kufuli zake. Ndiyo sababu kirusi kimoja hushambulia ini, kingine mapafu, na kingine seli za kinga ya mwili.

Wanasayansi walitambua kwamba kazi hii ya kuingia ndani ya seli na kuacha ujumbe ndiyo kazi ambayo dawa nyingi hazijui kuifanya. Basi wakauliza: tukitoa maandishi yanayoleta ugonjwa, tukaweka maandishi tunayoyataka sisi, ganda na ufunguo si vitaendelea kufanya kazi? Anayeijua Goma afikirie chukudu. Chukudu hakichagui mzigo. Leo kinabeba makaa, kesho viazi, kesho kutwa saruji, na magurudumu ni yaleyale. Kirusi kilichotayarishwa hivi wataalamu hukiita vekta, maana yake mbebaji.

Lakini wabebaji hawafanani, na hapa ndipo mazungumzo mengi ya mitaani yanapotea njia. Kuna mbebaji anayefikisha ujumbe kisha anatoweka. Kuna anayekaa miaka mingi ndani ya seli bila kugusa ADN ya mtu. Na kuna anayeandika ujumbe wake ndani ya ADN yenyewe. Chanjo zilizochomwa kwetu ni za aina ya kwanza. Tiba ya SS ni ya aina ya tatu. Mtu akizichanganya, atawaogopesha watu bure kuhusu chanjo, au atawaambia kwamba tiba ni jambo dogo, na yote mawili si kweli.

Chanjo iliyobeba Kikwit

Chanjo iliyotumika Mangina, Beni, Butembo, Katwa na kwingine inaitwa Ervebo. Ilianzia katika maabara ya serikali ya Kanada, mjini Winnipeg. Wataalamu walichukua kirusi kinachoitwa VSV, ambacho huko Amerika huwapata ng'ombe, farasi na nguruwe na kuwaletea malengelenge mdomoni na miguuni. Kwa binadamu VSV ni nadra, na mara nyingi huleta homa nyepesi tu. Wakaondoa jeni ya ufunguo wa VSV, wakaweka mahali pake jeni ya ufunguo wa Ebola. Jeni nyingine za Ebola, zile zinazokiwezesha kuzaana na kuua, hazimo. Kwa hiyo chanjo haiwezi kumpa mtu Ebola, kama vile ufunguo wa nyumba peke yake hauwezi kuwa mwizi.

Jeni hiyo ya ufunguo ilitoka kwa kirusi cha mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995. Hili halisemwi vya kutosha. Watu walisema chanjo ililetwa na wageni kuwajaribu Wakongo, lakini kipande muhimu kuliko vyote ndani ya chupa ile kilitokana na msiba wa Wakongo wenyewe, huko Bandundu, miaka 23 kabla ya Mangina.

Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba chanjo hii iliwakinga tumbili katika maabara. Baada ya hapo ikasubiri karibu miaka kumi. Ebola ilikuwa ugonjwa wa vijiji vya maskini na hakuna kampuni iliyoona faida. Ni pale mlipuko wa Afrika Magharibi ulipoanza kuua maelfu, mwaka 2014, ndipo kazi iliharakishwa. Mwaka 2015 ilijaribiwa nchini Guinea kwa njia ya pete: mgonjwa akipatikana, wanachanjwa waliomgusa, kisha wanachanjwa waliowagusa hao. Kati ya waliochanjwa mara moja, hakuna aliyeugua kuanzia siku ya kumi baada ya sindano.

Mlipuko wa Kivu Kaskazini ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na chanjo ikaanza tarehe 8 mwezi uleule. Ilipaswa kuwekwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, katika miji ambayo umeme unakuja na kuondoka. Wauguzi waliibeba katika vyombo maalumu vinavyotunza baridi kwa siku kadhaa, kwa gari, kwa moto, na kwa miguu pale barabara ilipokwisha. Sifa nyingi zilikwenda kwa wataalamu waliokuja kwa ndege, na hao waliotembea wanastahili kutajwa pia.

Kwa nini watu walishuka homa, na kwa nini wengine walikufa

Uvumi hautoki hewani. Kulikuwa na mambo mawili ambayo watu waliyaona kwa macho yao, na mara nyingi hawakuelezwa.

La kwanza ni homa. Kwa kuwa kirusi cha Ervebo ni hai, huzaana mwilini kwa muda mfupi kabla kinga ya mwili haijakimaliza. Siku hizo mtu anaweza kupata homa, kuumwa kichwa, viungo kuuma, uchovu. Fikiria mama wa Butembo anayejua kwamba Ebola huanza kwa homa na maumivu ya kichwa. Anachanjwa Jumatatu, Jumanne analala na homa. Jirani anasema, "Si nilikuambia?" Mama huyo hakuwa mjinga. Alikuwa na habari pungufu.

La pili ni zito zaidi. Kulikuwa na watu waliochanjwa, kisha wakaugua Ebola na kufa. Hilo lilitokea kweli, na kulikana ni kuharibu imani ya watu. Sababu yake ni kwamba chanjo ya pete hutolewa hasa kwa wale waliokwisha kumgusa mgonjwa. Ebola inaweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili kutokea, na chanjo inahitaji kama siku kumi ili kinga isimame. Kwa hiyo wapo waliopokea sindano wakiwa tayari wamebeba ugonjwa. Wenzao waliona sindano, kisha wakaona kaburi, wakaunganisha.

Takwimu za mlipuko wetu zilichunguzwa baadaye, na ilikadiriwa kwamba chanjo ilipunguza hatari ya kuugua kwa karibu asilimia 84. Uchunguzi mwingine uliwaangalia wale waliougua na kufikishwa katika vituo vya matibabu. Kati ya wasiochanjwa, walikufa asilimia 56. Kati ya waliochanjwa kabla ya kuugua, walikufa asilimia 25, na faida hiyo ilionekana hata kwa waliochanjwa siku chache tu kabla ya dalili. Yaani sindano iliyodaiwa kuharakisha kifo ilikuwa inakizuia. Mlipuko uliisha rasmi tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287.

Tusiwahukumu haraka waliokuwa na shaka. Mnamo Desemba 2018 kura ya Beni na Butembo iliahirishwa hadi Machi 2019, sababu moja iliyotolewa ikiwa ni Ebola, wakati watu waliendelea kujazana sokoni na kanisani. Magari ya Riposte yalipita katika mitaa ambamo watu walikuwa wakichinjwa miaka mingi bila gari lolote kuja kuwaokoa. Nyumba moja ilichanjwa, ya pili ikaachwa, na mara nyingi hakuna aliyeeleza kwamba hiyo ndiyo maana ya pete. Mwanzoni wanawake wenye mimba na watoto wachanga waliachwa nje, kwa sababu chanjo ilikuwa bado katika uchunguzi na ilikuwa ya kirusi hai; katika mwaka 2019 wakaanza kukubaliwa. Kwa aliyekuwa anatazama tu, mabadiliko kama hayo yalionekana kuwa kigeugeu.

Ervebo ilipata kibali Ulaya mnamo Novemba 2019, na Marekani mnamo Desemba mwaka huohuo. Tangu Januari 2021 kuna akiba ya kimataifa ya chanjo hii, na Kongo imeipokea tena mara kadhaa, kama vile Septemba 2025 kwa mlipuko wa Bulape huko Kasai.

Jambo moja la kukumbuka: Ervebo inakinga dhidi ya Ebola aina ya Zaire peke yake. Haikingi dhidi ya aina ya Bundibugyo, iliyotokea Isiro mwaka 2012, wala aina ya Sudan, iliyotokea Uganda mwaka 2022 na tena Januari 2025. Lakini mbebaji yuleyule anaweza kuvikwa ufunguo mwingine. Tarehe 3 Februari 2025, siku nne tu baada ya mlipuko wa Uganda kutangazwa, watu walianza kuchanjwa Kampala kwa chanjo ya majaribio iliyojengwa juu ya VSV, safari hii ikiwa na ufunguo wa aina ya Sudan. Kasi hiyo isingewezekana kama kila chanjo ingeanza kutoka sifuri.

Chanjo ya Goma na chanjo za Covid

Mnamo Novemba 2019 watu wa Goma, katika maeneo ya Majengo na Kahembe, walianza kupewa chanjo nyingine ya Ebola, ya kampuni ya Johnson & Johnson. Hii ni ya sindano mbili zenye siku 56 kati yake. Ya kwanza imebebwa na adenovirusi, kirusi cha jamaa ya mafua, kilichokatwa jeni moja ili kisiweze kuzaana. Ya pili imebebwa na MVA, kirusi dhaifu kilichotokana na chanjo ya zamani ya ndui. Kwa sababu inahitaji miezi karibu miwili, haifai kuzimia moto. Inafaa kwa watu ambao moto haujawafikia, na jirani zetu wa Rubavu, upande wa Rwanda, waliipata pia. (Chanjo ya mpox iliyoanza kutolewa Goma mnamo Oktoba 2024 ni MVA hiyohiyo, ila haikubebeshwa mzigo wowote wa Ebola.)

Kwa Covid, chanjo ya AstraZeneca ilibebwa na adenovirusi ya sokwe. Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 mnamo Machi 2021, ikaanza kuchanja Aprili, na sehemu kubwa ya dozi hizo ikapelekwa nchi nyingine kabla hazijaharibika, kwa sababu watu hawakuja. Chanjo hiyo ilikuwa na madhara ya nadra ya kuganda kwa damu, na ni haki ya watu kuambiwa hivyo.

Waumini wengine huuliza swali la seli za mimba zilizotolewa, na linastahili jibu lisilozunguka. Ervebo hukuzwa katika seli za figo ya tumbili. Chanjo za AstraZeneca na Johnson & Johnson zilikuzwa katika seli zilizozaliana maabara kwa miongo mingi, ambazo chanzo chake cha mbali ni mimba mbili za miaka ya 1970 na 1980. Hakuna mimba mpya inayohitajika kutengeneza dozi, wala seli hizo si mzigo unaochomwa. Wakristo wenye dhamiri njema wametofautiana juu ya jambo hili, na hatuoni ubaya wa kutofautiana ikiwa kila mmoja anajua ukweli ulivyo.

Je, ADN yetu imebadilishwa?

Kwa Ervebo, hapana. VSV ni kirusi cha ARN na kazi yake yote huifanya nje ya kiini cha seli, mahali ambapo ADN yetu haipo. Baada ya siku chache kimekwisha, kinabaki kumbukumbu ya kinga tu. Adenovirusi za chanjo hufikisha ADN yao ndani ya kiini, lakini hazina chombo cha kuibandika kwenye ADN yetu, na seli zilizopokea ujumbe huo huondolewa na kinga ya mwili.

Kwa tiba za jeni jibu ni tofauti. Baadhi zinakusudia kabisa kubadilisha ADN ya seli fulani za mgonjwa. Hata hivyo hubadilishwa seli za mwili wake tu, kama za damu, wala si mbegu za uzazi. Mtu wa SS aliyepona kwa njia hiyo bado atampa mtoto wake jeni ya SS.

Safari ya tiba yenyewe imekuwa na machozi. Mwaka 1999 kijana wa Marekani, Jesse Gelsinger, mwenye miaka 18, alipewa adenovirusi kwa wingi ili itibu kasoro ya ini. Kinga ya mwili wake ililipuka, na baada ya siku nne akafa. Karibu wakati huohuo, katika hospitali ya Necker mjini Paris, watoto waliozaliwa bila kinga ya mwili walipewa jeni sahihi kwa kirusi kinachojiandika kwenye ADN. Wengi walipata kinga wakaishi maisha ya kawaida, lakini wachache wao wakapata saratani ya damu, kwa sababu kirusi kilijiandika karibu na jeni inayochochea saratani. Kazi ikasimamishwa mahali pengi, na wabebaji wakatengenezwa upya.

Leo kuna mbebaji mdogo aitwaye AAV, asiyeleta ugonjwa wowote unaojulikana, anayepeleka jeni kwenye jicho kwa aina moja ya upofu wa kuzaliwa (dawa ya Luxturna, 2017), kwenye neva za watoto wanaopooza misuli (Zolgensma, 2019) na kwenye ini kwa hemofilia B (Hemgenix, 2022). Kuna pia kirusi cha herpesi kilichobadilishwa kinachochomwa ndani ya saratani ya ngozi ili kiipasue. Tunayataja kwa haraka, kwa kuwa kwetu Kongo swali kubwa ni damu.

SS

Mtu mwenye SS amepokea jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili. Seli zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo na kufa upesi. Ndiyo maumivu yale ya mifupa usiku, macho ya manjano, kuongezewa damu kila mara. Dokta Léon Tshilolo na wenzake walipima watoto wachanga zaidi ya 31,000 mjini Kinshasa, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba asilimia 1.4 walikuwa SS, na karibu asilimia 17 walikuwa AS, yaani wanabeba jeni moja bila kuugua. Jeni hii imeenea katika nchi zetu kwa sababu mwenye AS hustahimili malaria kali kuliko wengine.

Mwaka 2014, katika hospitali hiyohiyo ya Necker, kijana wa miaka 13 mwenye SS alitibiwa kwa jeni. Mbebaji alikuwa lentivirusi, iliyotokana na VIH, kirusi cha sida. Kwa nini VIH? Kwa sababu hakuna kinachojua kuingia katika seli za damu na kuandika ujumbe wa kudumu kama yeye. Jeni zinazoleta sida zimeondolewa. Mbebaji huyu hawezi kuzaana wala kumwambukiza mtu. Anaandika jeni ya hemoglobini nzuri, basi.

Tarehe 8 Desemba 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya namna hiyo, Lyfgenia, kwa wenye miaka 12 na zaidi. Si sindano ya siku moja. Seli mama za damu hutolewa kwa mgonjwa, hupelekwa kiwandani na kupewa jeni. Wakati zinatayarishwa mgonjwa husubiri miezi. Kisha hupewa dawa kali kama za saratani zinazofuta uboho wake, ile sehemu laini ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa, na dawa hizo zinaweza kumnyima uzazi. Mwishoni hurudishiwa seli zake, hukaa hospitalini majuma kadhaa. Kati ya wagonjwa 32 waliofuatiliwa kwa kibali hicho, 28 hawakupata shambulio lolote la maumivu ya mishipa kuziba kati ya mwezi wa 6 na wa 18 baada ya tiba. Hayo ni makubwa. Lakini karatasi ya dawa ina onyo la saratani ya damu, na mgonjwa hufuatiliwa miaka mingi. Siku hiyohiyo iliidhinishwa pia Casgevy, ambayo hairekebishi jeni kwa kirusi.

Bei ya Lyfgenia ilitangazwa kuwa dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja. Casgevy, milioni 2.2. Oktoba 2019 serikali ya Marekani na taasisi ya Bill Gates walitangaza dola milioni 200 za kutafuta tiba ya jeni kwa SS na VIH itakayowezekana Afrika, pengine ya sindano moja bila kufuta uboho. Dawa hiyo haijafika. Basi yeyote anayekuja Bukavu, Bunia au Kisangani na chupa ya "dawa ya jeni" kwa watoto wa SS ni tapeli, hata akija na Biblia mkononi. Mwulize seli zitatolewa wapi na zitapelekwa kiwanda gani.

Kilichopo sasa hivi si kidogo. Utafiti wa REACH, ulioongozwa pamoja na Dokta Tshilolo katika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, uliwapa watoto wa mwaka 1 hadi 10 vidonge vya hidroksiyurea kila siku. Matokeo yaliyotangazwa mwishoni mwa 2018 yalionyesha maumivu yamepungua, damu ya kuongezewa imepungua, malaria imepungua, na vifo vimepungua. Ni kidonge cha zamani, hakina kirusi ndani yake, na kinahitaji daktari anayepima damu mara kwa mara. Pamoja nacho kuna penisilini ya kila siku kwa watoto wadogo, chanjo za kawaida, chandarua, na maji ya kunywa ya kutosha. Kama kituo cha afya cha kanisa lako hakina hidroksiyurea, hilo ni jambo la kuuliza katika kamati ya afya, na kuuliza tena.

Yabaki nyumbani. Katika familia nyingi mtoto wa SS bado anaitwa mchawi, au mama anashitakiwa kwamba analeta vifo katika ukoo. Hakuna mtoto wa SS aliyepata jeni kwa mama peke yake. Baba alitoa nusu. Baba na mama wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya SS, mbili kati ya nne za AS, na moja kati ya nne ya AA. Kuzaa mtoto mzima kwanza hakumlindi anayefuata. Makanisa mengi huomba kipimo cha VIH kabla ya ndoa. Kipimo cha hemoglobini, yaani elektroforezi, kingefaa kiombwe pamoja nacho, mapema, kabla ya mahari kutolewa na sherehe kutangazwa, ili wachumba waamue wakiwa na nafasi ya kuamua. Kipimo hicho hufanywa mara moja katika maisha, kwa sababu jibu halibadiliki. Karatasi yake itunzwe. Aliyeongezewa damu asubiri miezi mitatu hivi kabla ya kupimwa, la sivyo mashine itasoma damu ya aliyemchangia.